Ufunguo kwa Mdogo, Sanduku kwa Mkubwa

Mzee Kutu hakuwa mtu wa kupima ufunguo kwa macho. Macho, alikuwa akisema, ni mashahidi wa kuhongeka. Ukimpelekea ufunguo wa zamani aliushika kwa vidole viwili, akaunyanyua shibiri moja juu ya bamba la jiwe lililokuwa mezani kwake, akauachia. Kisha akasikiliza. Chuma kilichofuliwa kwa nyundo hulia, na sauti yake hutembea kidogo kabla ya kufa. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hufa papo hapo, ka!, kama mtu aliyekatwa neno mdomoni.

Baada ya sikio ilikuja zamu ya dole gumba, kupapasa pete ya ufunguo, pale unaposhikwa, kuona kama imelika kwa mkono wa mtu au kwa msasa. Kisha ukucha ukatelezeshwa kwenye shina, kutafuta mstari wa kalibu. Mwisho ulimi. Naam, alilamba. Watu waliona kinyaa, lakini mwenyewe alisema ulimi haujawahi kumdanganya, ila kwa wanawake tu.

Jina la Kutu alipewa na mtaa, kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo hata siku ya msiba vilikuwa na rangi ya tofali. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja na kuta nne, na kuta tatu kati ya hizo zilikuwa funguo tupu: za milango, za makasha, za mageti ya watu waliokwisha kufa, za vitasa ambavyo hakuna aliyejua viliko. Wenye mahoteli walikuja kununua za kupamba kumbi zao. Wakusanyaji wenzake walikuja kubishana naye na kuondoka wameshindwa.

Asubuhi ile ambayo habari hii inaanza, alikuwa na bwana mmoja mwenye koti, kaleta ufunguo umefungwa kwenye leso kama mtoto mchanga.

"Mzee, huu ni wa enzi za babu yake babu. Umetoka kwenye jumba la watu wakubwa."

Mzee Kutu akauangusha. Ka! Akaulamba.

"Babu yake babu alikuwa hai mwezi jana?"

"Unanitukana sasa."

"Sikutukani, nakuagua. Huu umelazwa kwenye siki na chumvi, halafu ukafukiwa kwenye samadi. Ng'ombe mwenyewe bado yumo humu. Mrudishe nyumbani, mwogeshe, utamtundikia shati."

Bwana yule akakunja leso yake akatoka bila kuaga. Ng'ambo ya njia, chini ya mabati yake, mchomeleaji aliyeitwa Fundi Cheche alikuwa amesikia kila neno, akavua miwani yake nyeusi ili apate kucheka vizuri.

"Mzee Kutu! Ukuta mzima wa funguo na nyumba ya kupanga! Hata mlango unaoulalia, ufunguo wa akiba anao mama mwenye nyumba!"

"Wewe choma mageti yako. Mimi usinichome."

Bado wanataniana, akaingia mpwa wake, binti wa dada yake. Alikuwa mshonaji, na hata akisafiri mabega yake hayakosi nyuzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kuna nini huko? Mbona umekuja bila taarifa?"

"Ningekupa taarifa ungenikimbia," akasema, akacheka, kisha hakucheka. "Mama anasema ulete ufunguo."

Katika chumba chenye funguo kuta tatu, hakuhitaji kuuliza ufunguo gani.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mama yao, alipoona siku zake zimekaribia, aliwaita watoto wake wawili kando ya kitanda. Alikuwa na sanduku moja kubwa la mbao, lenye kitasa cha chuma, na ufunguo wake uliofungwa kijitambaa. Akasema: "Sanduku litakaa kwa mkubwa, ufunguo utakaa kwa mdogo. Mtu asilivunje, wala asiende kwa fundi. Siku mtakayotaka kulifungua, mtaonana." Alimjua mwanawe wa kiume. Alijua nyayo zake zinawasha, kwamba hakuna mji atakaoumaliza kabla ya kuutamani mwingine. Basi akamfunga ufunguo mguuni kama mtu anavyomfunga mbuzi kamba, ili ale mbali lakini arudi. Kamba ikawa ndefu kuliko alivyokisia.

Baada ya maziko waliafikiana watalifungua matanga yakipoa. Matanga yakapoa, mdogo mtu akawa ameshapata kibarua mji mwingine. Toka huko akaenda kwingine. Ufunguo ulikuwa mfukoni, na mtu mwenye ufunguo mfukoni asiyekuwa na matumizi nao huanza kuuchezea, na akiuchezea huanza kuangalia za wenzake. Akaokota mmoja sokoni. Akabadilishana mwingine na mlinzi wa ghala. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza, kama hukujua: ufunguo wa mama ndio uliozaa zile nyingine zote, kisha ukapotelea katikati ya wanawe.

Dada aliuliza mara kwa mara. "Lete ufunguo." Naye akajibu, "Nakuja." Safari yenyewe ilikuwa ya basi, unatoka asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana. Alikwenda kwenye harusi, alikwenda kwenye misiba, na kila alipofika alijipiga paji la uso: "Lo! Nimeusahau." Wakacheka. Mambo ya kuchekwa ni kama jino bovu, unaweza kukaa nalo miaka.

"Kwani kuna haraka gani leo?" akamuuliza mpwa wake.

"Nyumba imeuzwa, mjomba. Mama anahamia kwangu, ghorofa ya tatu. Sanduku halipandi zile ngazi, tumepima hata na kamba. Na macho yake..." Akachuna uzi begani, akauviringa. "Daktari anasema kilichobaki ni mwanga na kivuli. Mama anataka liwe limefunguliwa kabla hata hicho hakijaondoka. Hataki livunjwe. Nimemwambia nimwite seremala, kanifukuza na fagio."

"Upo," akasema Mzee Kutu. "Mwambie dada ufunguo upo."

Mpwa alipoondoka, alifunga mlango akaanza kutafuta. Akateremsha funguo ukuta kwa ukuta. Kila mmoja aliujua: huu wa ghala la chumvi, huu wa mwalimu aliyefilisika, huu aliunyang'anya mkononi mwa mtoto akampa peremende. Angeweza kukueleza kila mmoja ulilia vipi mara ya kwanza ulipoanguka kwenye jiwe. Lakini sura ya ufunguo wa mama haikumjia. Alifumba macho akaiita. Ilikuja ya ufunguo wowote tu. Aliupokea kabla hajajifunza kuangalia, na alipojifunza kuangalia akawa anaangalia zingine.

Kilichomjia ni kitu kingine. Mwaka aliohamia chumba kile, kuna mnunuzi mkubwa alikuwa anakuja, na yeye akazipanga funguo kwa pupa, nzima ukutani, zenye kasoro ndooni. Akaisikia sauti yake mwenyewe, ya mtu anayejiona: *Jino limechongwa, ndooni. Shina limepasuka, ndooni. Pete imepinda, ndooni.* Na akakumbuka kisu kikikata kijitambaa kichafu kwenye ufunguo mmojawapo, kwa sababu wanunuzi hawapendi matambara.

Akavuka njia.

"Fundi. Zile funguo za ndoo."

"Ndoo ipi tena?"

"Niliyokuuzia kwa kilo, mwaka niliohamia."

Fundi Cheche akaweka chini koleo lake. "Mzee wangu, unaniuliza habari za maji ya mto? Nyingine nilizibandika kwenye mageti ya watu, urembo. Nyingine zilikwenda na gari la vyuma chakavu. Huko ni tanuri moja kwa moja."

"Hukubakiza?"

"Nibakize za nini? Wewe mwenyewe ulisema hizi si funguo tena, hiki ni chuma tu."

"Nilisema hivyo?"

"Tena kwa madaha."

Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa moja na imenyooka: apande basi, akae mbele ya dada yake, aseme, "Dada, nimeupoteza." Maneno mawili. Lakini fikiria mwenyewe. Mtu ambaye mji mzima unajua hadanganywi kwa ufunguo, akaseme kwamba ule wa mama yake aliuuza kwa kilo, bila kuujua? Ulimi uliozoea kulamba chumvi za wenzie ukawa mzito.

Akaenda, lakini alikwenda na mshumaa, vipande vya bati na chupa ya mafuta.

Nyumba ya dada ilikuwa imeshafungwafungwa nusu. Mikeka imeviringishwa, ukutani misumari imebaki bila picha zake, na kila hatua ilitoa mwangwi ambao nyumba ile haikuwa nao zamani. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya mfuniko wa sanduku, kama mtu aliyemshika mtoto asitoroke.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kutu yako nimeinusa ukiwa bado mlangoni." Akageuza uso, lakini uliishia pembeni kidogo ya pale alipokuwa. "Umekuja nao?"

"Upo, dada. Ila kitasa hiki kimelala miaka mingi. Ukiingiza ufunguo kikiwa kikavu utakatikia humo humo. Leo nakipaka mafuta kilowane. Jumamosi nakuja nao, tunafungua."

Na hilo lilikuwa kweli. Fundi yeyote angekwambia hivyo hivyo. Uongo mzuri hauendi kwa miguu, hupanda mgongo wa ukweli.

Akachutama mbele ya sanduku. Akawasha mshumaa, akakipitisha kibati kimoja juu ya moto mpaka kikawa cheusi kwa masizi, akakiingiza polepole kwenye tundu la ufunguo, akakisokota hadi kikagoma. Akakitoa. Palipogusa chuma cha ndani, masizi yalikuwa yamefutika: mstari hapa, nukta pale. Ndiyo sura ya kitasa, imejichora yenyewe. Akakifunga kwenye karatasi, akaandaa kingine.

"Siku hizi mafuta yanapakwa kwa mshumaa?" dada akauliza.

"Napasha chuma joto. Mafuta yapenye."

"Ahaa."

Kisha dada akasema, "Unaukumbuka ulivyo?"

"Nitausahau vipi? Naujua kama kiganja changu."

"Hebu niambie. Mimi sasa naona kwa kuambiwa."

Mzee Kutu akataja yale ambayo ni kweli kwa ufunguo wowote wa sanduku la enzi zile. Shina la mviringo. Meno matatu. Kijitambaa. "Na pete yake, duara kamili, kama hivi." Akasahau kwamba dada hauoni mkono wake.

"Duara," dada akasema.

"Duara."

"Haya, mdogo wangu. Jumamosi."

Alivyofanya kazi wiki ile hajawahi kufanya kabla. Aliteremsha ukutani ufunguo aliokuwa akiupenda kuliko zote, ambao wakusanyaji walikuwa wameubembeleza na akawakatalia, kwa sababu ulikuwa wa umri ule ule na kufuliwa kule kule. Akaubana kwenye jiliwa na kuutia tupa menoni. Kila chembe ya chuma iliyodondoka ilikuwa uzuri anaouua kwa mkono wake. Hakuugusisha siki wala samadi. Hizo ni hila za watoto. Aliusugua kwa ngozi na vumbi laini, pale ambapo dole gumba la mtu lingeula kwa miaka, na msuguo akaupeleka pembeni kidogo, kwa sababu hakuna anayeshika ufunguo katikati. Akachana shati kuukuu, akachovya kijitambaa kwenye chai ya rangi, akakifunga. Alipomaliza aliuangusha kwenye jiwe. Ukalia, ukatembea, ukafa vizuri. Akacheka peke yake, kisha akaona haya kwa kicheko kile.

Jumamosi mpwa alimpokea mlangoni. Mnunuzi wa nyumba alikuwa anaingia kesho yake. Ndani hapakuwa na kitu tena ila kigoda, sanduku, na dada amevaa nguo ya kutokea.

"Nipe kwanza niushike," dada akasema.

Akampa. Dada akapapasa kijitambaa, akakiacha. Akashuka kwenye shina, akahesabu meno kwa ukucha, akapanda tena. Dole gumba likaizunguka pete, polepole, likarudi pale lilipoanzia, likazunguka tena.

"Huu ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe, dada."

"Aliokupa mama."

"Huo huo."

Mpwa alikuwa amesimama dirishani, akamtazama mama yake, akamtazama mjomba wake, asielewe kwa nini chumba kimekuwa kizito. Dada akaurudisha ule ufunguo kwenye kiganja cha mdogo wake, akavifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Haya. Fungua."

Ulikwama mara ya kwanza. Jasho likamtoka. "Kutu hiyo," akasema.

"Wa mama haukuwa ukikwama," dada akajibu, bila hasira.

Akautikisa kidogo, akausukuma, kitasa kikakohoa ndani kwa ndani, na mfuniko ukaachia. Wakaunyanyua, yeye na mpwa wake. Hakuna harufu iliyotoka. Hilo ndilo lililomshtua kwanza. Alikuwa ametarajia harufu ya mama yake.

"Niambieni," dada akasema.

"Kuna kitambaa cha meza juu, mama. Cheupe. Kimekuwa cha njano," mpwa akasema. Akakifunua. "Chini yake kuna... vikombe. Vile vya bati vyenye rangi. Viwili, vimefunganishwa midomo."

"Cha mstari wa buluu na cha mstari mwekundu."

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Cha buluu changu. Endelea."

"Kopo. La majani ya chai. Na sukari kwenye karatasi, lakini imekuwa jiwe. Chini nguo zake, na sweta mbili za watoto wachanga."

Mpwa akafungua kopo. Majani yalikuwa vumbi lisilo na harufu. Lilipanda kidogo hewani, likatua kwenye sakafu tupu.

"Alituwekea chai," dada akasema. "Kumbe alituwekea chai. Hakudhani tungekawia."

Mzee Kutu alisimama na mikono yake ya rangi ya tofali. Alifikiri matanga yaliyopoa, na basi lile la asubuhi linalofika kabla ya chakula cha mchana. Majani ya chai, mtu akiyafunga vizuri, yanakaa mwaka, hata miwili. Mama alikuwa amepiga hesabu zake.

"Nipe hiyo sukari," dada akasema. "Na ufunguo."

Akaliweka bonge la sukari juu ya ukingo wa sanduku, akaushika ufunguo upande wa meno yake, akagonga kwa pete. Ko. Sukari haikupasuka. Akagonga tena, kama mtu anayekumbuka kazi ya zamani, kisha akaacha.

"Ule wa mama ulikuwa unanikaa hapa," akasema, akionyesha mkunjo wa kidole chake cha shahada. "Pete yake ilikuwa imebonyea upande. Niliibonyeza mimi. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji, wewe nikiwa nimekubeba mgongoni, unalia unataka kokwa za kwenye mti wa jirani. Sikuwa na jiwe. Nikachukua ufunguo, nikakuvunjia. Mama aliporudi nilichapwa mpaka jirani akaingilia. Wewe ulikuwa unatafuna."

*Pete imepinda, ndooni.*

"Ulijua tangu lini, dada?"

"Tangu uliposema duara."

"Mbona hukusema?"

"Mjuzi wa funguo ni wewe. Nilikuwa nakungojea." Akaupima ule ufunguo kwenye kiganja, juu chini. "Umeutengeneza vizuri. Mtu mwingine ungempata. Wenyewe uko wapi?"

"Niliuuza."

"Kwa nani?"

"Kwa kilo, dada. Na vyuma vingine. Niliona una kasoro."

"Kwa kilo," dada akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Mabega yakamcheza kidogo. Mzee Kutu akadhani analia, lakini alikuwa anajaribu kucheka na kicheko hakitoki. "Ungekuja ukaniambia hivyo. Miaka kumi iliyopita, miaka ishirini. Haki ya Mungu ningecheka mpaka majirani wakaja. Tungemwita seremala akang'oa bawaba, tukanywa chai yetu. Mama angetusamehe bawaba."

Alimwambia binti yake afunge vikombe na sweta kwenye kitambaa cha meza, akaomba mkono wa kusimamia. Mkono aliouomba ulikuwa wa binti yake.

Sanduku lilibaki kwenye nyumba ile. Mnunuzi alilipenda, akalichukua pamoja na ufunguo wake, na hadi leo wageni wakija anawaonyesha: tazameni, bado lina ufunguo wake wa asili. Mzee Kutu aliyapata hayo kwa mpwa wake. Katika maisha yake hakuwahi kuruhusu ufunguo wa uongo upite mezani kwake, na uliopita ni mmoja, nao ulitoka mkononi mwake, na hakuna atakayeugundua.

Ndipo mtaa ukaanza kusema mzee amechanganyikiwa. Alikuwa ananunua makapi. Ukimletea ufunguo mzima, mzuri, wa kufuliwa, aliutazama juu juu akakurudishia. Ukimletea uliopinda pete aliketi, akauingiza kwenye mkunjo wa kidole cha shahada, akafumba macho. Hakuwa anaangusha tena kwenye jiwe. Alikuwa anazunguka kwa wauza vyuma chakavu, anapinda mgongo kwenye malundo, anasimama nje ya mageti ya watu akipapasa urembo mpaka mbwa wanabweka.

"Mzee Kutu," Fundi Cheche akamwambia siku moja, na safari hii alikuwa hatanii, "ile ndoo iliyeyuka. Nakwambia mimi niliyeipakia."

"Ulisema nyingine uliziweka kwenye mageti."

"Nyingine."

"Basi."

Kila anapopata wenye mbonyeo unaofanana, anapanda basi la asubuhi. Ngazi za ghorofa ya tatu anazipanda akipumzika kila kituo, na anakuta dada amekaa kibarazani, uso ameuelekeza kwenye jua, kwa kuwa sasa hata kivuli kimeondoka. Yeye anatoa ufunguo, dada anaupokea, dole gumba linazunguka.

"Siyo."

Mpwa analeta chai kwenye vikombe vya bati. Cha buluu kwa dada. Chekundu kimeliwa na kutu ukingoni, lakini hakivuji. Wanakunywa, jua linahama, yeye anawahi basi la kurudi.

Safari iliyopita alipeleka mmoja aliouchomoa kwenye geti bovu lililotupwa nyuma ya kiwanda, geti la kazi ya Cheche. Shina la mviringo, meno matatu, pete imebonyea upande. Dada aliushika muda mrefu kuliko zote. Chai ikapoa. Kidole cha shahada kiliingia pale pa mbonyeo, kikakaa, na midomo yake ikasogea kama anayetafuna kitu.

"Siyo," akasema mwishowe, akamrudishia. "Endelea kutafuta. Ukipata mwingine, uje."

Mzee Kutu akautazama mkononi mwake. Kitasa cha kuujaribia hakikuwapo tena. Kilikuwa kwa mtu, na uongo wake umekikalia. Kilichobaki ulimwenguni cha kuupima ni kidole cha dada, na kidole kimesema. Alifungua mdomo kuuliza, akakumbuka kwamba aliwahi kuulizwa swali hilo hilo, *huu ndio wenyewe?*, na yeye alijibu nini.

"Nitakuja, dada," akasema, akautia mfukoni.